Turubai la Vipindi Saba na Mihogo ya Mama Ketsia

Jumatatu, tarehe 5 mwezi wa nane

Kazi imepatikana, bado kupewa tu. Jana baada ya ibada Pasta Bonaventure alitangaza kwamba chapeli yetu mpya kule Mboko inatafuta mtu wa kuiongoza. Nyumba ya mabati. Shamba la mihogo nyuma ya nyumba. Pikipiki ya kanisa. Wazee watachagua Jumapili ya tarehe 18. Mara macho yote yakageuka, nami nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Nilipokiinua nikaona yamegeukia kwa Fabien.

Fabien! Mwalimu wa darasa la tatu. Mtu wa kuhubiri dakika kumi na kukaa. Miaka sita sijamsikia akimtaja Mpinga Kristo hata mara moja. Mimi ndiye ninayefundisha unabii kila Jumatano. Hapa Baraka, toka sokoni mpaka ufukweni mwa ziwa, wananiita Willy wa Danieli. Lakini Fabien ana sauti ya upole na anasalimia vikongwe kwa majina yao, basi eti huyo ndiye mchungaji.

Lazima nifanye jambo kubwa kabla ya tarehe 18.

Jumanne, tarehe 6

Nimelipata. Vipindi saba vya Mungu, toka Edeni mpaka Ufalme wa Miaka Elfu, vyote kwenye picha moja. Ilihitajika nguo pana. Nyuma ya mlango palikuwa na turubai jeupe, lile ambalo mke wangu huanikia mihogo. Nimelichukua. Kwa saa hiyo halikuwa na kazi.

Nimechora kutwa, kwa rangi nyekundu na bluu iliyobaki shemeji alipopaka mtumbwi wake. Kutokuwa na Hatia, Dhamiri, Utawala wa Wanadamu, Ahadi, Sheria, Neema. Edeni niliichora kubwa kupita kiasi, na nyoka akawa mrefu. Nilipofika kwenye Ufalme pakabaki kiganja kimoja tu, kwa hiyo miaka elfu ya amani imekaa pembeni, karibu na tundu la kamba. Dhiki Kuu lakini imependeza. Mnyama ana vichwa saba, na kimoja kimetokea kufanana na Fabien. Sikukusudia. Sikukifuta pia.

Mama Ketsia amerudi kutoka shambani, amelitazama turubai toka nyoka mpaka Mnyama. Kisha akauliza: "Na mihogo nitaanika wapi, Papa Ketsia? Juu ya kichwa ya huyu munyama?" Nimemweleza kwamba mambo ya roho hutangulia. Amejibu kwamba tangu tuoane hajawahi kuona yakitangulia bugali.

Jumatano, tarehe 7

Darasa limejaa! Turubai lilitundikwa, watu wakasogeza mabenchi karibu. Nimewaeleza taratibu. Tuko mwisho kabisa wa Kipindi cha Neema. Kwanza Unyakuo, kanisa linaondoka. Halafu Dhiki Kuu, miaka saba, lakini sisi hatutakuwepo. Tutaitazama kutoka juu.

Hapo akasimama Cassilde, yule mkimbizi wa Burundi anayelima kipande cha shamba karibu na letu. Ameuliza: "Mwalimu, hiyo dhiki iko ingine, ao ni ile tulishapita? Sisi tulikimbia na batoto ku mugongo, na tulikuwa kanisa." Swali lisilo na adabu ya somo. Nimemwambia ile ilikuwa dhiki ndogo. Ameniangalia, akakaa.

Kisha Fabien kutoka benchi la nyuma, kwa upole wake uleule wa kuudhi, akasema ni vizuri kukumbuka kwamba siku wala saa hakuna aijuaye. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Vichwa vya darasa langu! Hasira ikanipanda, na kabla sijafikiri nikasikia mdomo wangu ukisema kwamba wengine hawajui, lakini wanaochunguza wanajua: Jumamosi, tarehe 17 ya mwezi huu.

Kimya. Sijawahi kupata kimya kitamu namna hiyo.

Pasta Bonaventure akauliza kama, basi, uchaguzi wa Jumapili tarehe 18 uahirishwe. Nikamjibu kwamba la, usiahirishwe.

Alhamisi, tarehe 8

Tarehe ninayo, sasa natafuta hesabu ya kuifikia. Mtini, yaani Israeli, ulichipuka mwaka 1948. Kizazi ni miaka themanini, Zaburi ya tisini. Toa saba za Dhiki. Inatoka 2021, na 2021 imepita. Nimeongeza mwaka mmoja ambao makanisa yalifungwa kwa korona, maana Bwana asingekuja kwenye mlango uliofungwa. Nimeongeza mwingine kwa ajili ya barabara ya Uvira, maana habari huku hutufikia kwa kuchelewa. Bado mwaka mmoja ulikuwa ukinisumbua. Nimeuongeza kwa imani. Imekubali!

Mwenye pikipiki aliyeshuka kutoka milima ya Minembwe amesema huko juu wanapigana tena, watu wanakimbia na ng'ombe wao. Vita na uvumi wa vita! Nimeandika haraka pembeni ya Dhiki Kuu. Nimefurahi sana. Nilipomaliza kuandika nikakumbuka kwamba wanaokimbia ni watu, nikasikitika kidogo, kisha nikaendelea. Na kule Misisi wanachimba dhahabu usiku na mchana: Yakobo tano, hazina za siku za mwisho. Kila kona inathibitisha. Nchi hii ni nzuri kwa mtu wa unabii, hukosi aya hata siku moja.

Jumamosi, tarehe 10

Mji mzima unazungumza juu yangu. Sokoni mwuza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, amenijazia bakuli akasema nimwombee. Fabien amenipita njiani, akanisalimia. Nimemhurumia.

Mchana bamama wa kanisa wakanijia nyumbani, kumi hivi, na Cassilde kati yao. Swali lao lilikuwa moja: "Mwalimu, mihogo tutie mu mayi, ao tuache?"

Danieli hakuligusa jambo hili. Yohana naye hakuligusa. Lakini ni swali zito, maana mihogo hukaa majini siku nne ndipo ilainike na kuacha uchungu wake. Halafu kuanika siku tatu. Halafu kutwanga. Anayeloweka leo anafikiria bugali wa wiki ijayo. Na wiki ijayo, kwa mujibu wa turubai, haipo.

Sikuweza kurudi nyuma. Nimewaambia kwamba anayeloweka mihogo wiki hii, moyo wake umebaki Misri. Wakatazamana. Cassilde akasema mihogo yake alikwisha kuing'oa jana, na muhogo ulioachwa chini hivihivi unakuwa mweusi. Nimemwuliza kama anafikiri mbinguni watamwuliza habari za muhogo. Akasema, polepole, kwamba yeye anaamini, kwa kuwa aliwahi kuona mwisho ukifika siku ya Jumanne bila kupiga hodi. Wengine wote wakaamini kwa kumtazama yeye.

Mama Ketsia alikuwa mlangoni akichambua sombe, majani ya mihogo. Hakusema neno. Hilo lingepaswa kunitia wasiwasi.

Jumapili, tarehe 11

Leo nimemmaliza Fabien, na mbele ya kanisa zima. Watu walikuwa wakiuliza mbuzi wao wataachiwa nani tukishaondoka. Nikasimama nikasema kwamba ndugu yetu Fabien haiamini tarehe, kwa hiyo bila shaka ndugu yetu Fabien atabaki. Basi wampelekee yeye mbuzi. Watu wakacheka. Pasta alificha uso ndani ya kitabu cha nyimbo.

Fabien akainuka. Nilitazamia aibu. Akasema: "Mulete bambuzi. Nitabachunga." Akakaa. Hana hata akili ya kujua kwamba ametukanwa.

Jumanne, tarehe 13

Kuna harufu nyuma ya nyumba. Ile harufu kali, chachu, ambayo kila mtu wa Baraka anaijua toka tumboni mwa mama yake. Nimeifuata kwa pua mpaka kwenye pipa la bluu, nikafunua kifuniko. Mihogo, pipa zima! Povu juu. Imelowekwa tangu Jumamosi, siku ileile, pengine saa ileile bamama walipofika njia kuu kurudi kwao.

Nimemwita Mama Ketsia, nimemwuliza kama anajua mimi ni nani katika mji huu. Amejibu kwamba anajua: mimi ni mtu anayekula mara mbili kwa siku. Nikamwambia anaiharibu imani ya watu. Akasema: "We ngoja Bwana. Mi niko nangoja mihogo. Mwenye atafika wa kwanza, tutamupokea."

Nikataka kuimwaga. Amesimama mbele ya pipa na mchi mkononi. Nimeahirisha.

Nimefunika pipa kwa majani ya migomba, juu ya majani mkeka, juu ya mkeka godoro la zamani. Harufu imepita kwenye godoro kama haikuliona.

Jumatano, tarehe 14

Siku mbaya. Kwaya imechukua kanisa kwa mazoezi, ikabidi darasa langu la mwisho duniani lifanyikie uani kwangu. Watu sitini. Upepo ukitoka ziwani, yaani ukipita kwanza kwenye pipa.

Nilianza na Wathesalonike. Pua zikaanza kugeuka. Nikasema panya amekufa darini. Nyumba yangu haina dari. Nikaongeza sauti. Cassilde akainua mkono akasema, bila ubaya wowote: "Mwalimu, kwenu kuko mihogo mu mayi."

Nilitamani Unyakuo ule uje palepale, hata bila mimi. Bamama wote wakanitazama. Mihogo yao iko shambani au imelala chini inakuwa myeusi, na yangu inalainika. Fabien naye alikuwepo, amekaa kando ya mbuzi wawili alioletewa njiani.

Lakini Roho hamwachi mtu wake. Nikasema: ndiyo, ni mihogo. Si yetu. Tunawaandalia watakaoachwa, wapate cha kula siku za kwanza za Dhiki, kabla Mnyama hajafunga soko. Ni kazi ya huruma. Mama mmoja akalia. Nami nusura nilie, kwa jinsi nilivyo mwema.

Fabien akasema asante, maana yeye ndiye atakayebaki na mbuzi, na asingejua atakula nini. Mama Ketsia akamwambia aje Jumapili na bakuli.

Ijumaa, tarehe 16

Kesho. Nimefua shati jeupe. Nimeandaa neno fupi la kuwaaga wazee wa kanisa endapo patakuwa na nafasi. Nimejikuta nikifikiria pikipiki ya Mboko. Nimejikemea. Halafu nikafikiri kwamba, endapo kutatokea kuchelewa kidogo, mtu aliyeliandaa kanisa namna hii hawezi kunyimwa pikipiki.

Jumamosi, tarehe 17

Alfajiri nimekwenda kuchukua turubai. Halipo ukutani. Lilikuwa limetandikwa uani, na juu yake mihogo, myeupe, imekatwakatwa, toka Edeni mpaka Dhiki Kuu. Mama Ketsia alikuwa akiigeuza kwa mkono, ameanza na Kipindi cha Sheria. Ameianika tangu juzi mimi nikiwa nazunguka mji toka alfajiri mpaka usiku kuwatia watu moyo. Nikamwambia leo ndiyo siku, nahitaji vipindi. Akasema vipindi bado havijakauka.

Nimekwenda bila picha.

Uwanja wa kanisa ulijaa nguo nyeupe. Tukaimba. Saa sita mchana tukanyamaza tukangoja. Saa tisa watoto wakaomba chakula, wakaambiwa watakula karamu. Saa kumi na mbili jua likashuka nyuma ya milima, na mtu mmoja akakohoa kikohozi ambacho hakikuwa cha mafua.

Nikasimama. Nikasema tusahihishe saa. Bwana hatumii saa ya Baraka, anatumia saa ya Yerusalemu, ambayo ni sawa na saa ya Kigoma, ng'ambo pale. Tuongeze saa moja. Mvuvi mmoja anayevukaga kwenda Kigoma akasema kule saa inatangulia, haichelewi. Kwa maneno mengine, kama ni saa ya Kigoma, Bwana amekwisha kupita. Nimemwomba asilete ubishi mahali pa ibada.

Tuliongeza saa moja. Kisha watu wakaanza kuokota viatu vyao. Hakuna aliyenitukana. Ningependa mmoja anitukane, ningepata la kujibu. Cassilde alipita akiwashika wanawe wawili mikono, akaniambia usiku mwema.

Jumapili, tarehe 18

Fabien.

Sina la kuongeza, lakini nitaongeza. Kabla ya ibada alisimama nje ya kanisa na mbuzi wote. Arobaini na kitu! Hakuwa na karatasi. Aliwarudisha kila mmoja kwa mwenyewe, huyu wa mama fulani, huyu wa mzee fulani, hakukosea hata mmoja. Yule mwenye sikio lililopasuka alikuwa amezaa kwake, akamrudisha na mtoto. Wazee wakatazama. Pasta Bonaventure akasema maneno ambayo yatanichoma mpaka kaburini, kwamba mtu ambaye mji mzima umempelekea mbuzi hahitaji kupigiwa kura.

Na nani aliwaambia wampelekee mbuzi? Mimi! Hakuna hata mmoja aliyelitaja jina langu.

Fabien alinijia baadaye. Hakucheka. Amesema nikifika Mboko nikaribie kwake, tule samaki. Kisha akatoa bakuli ndani ya mfuko, akauliza kama mwaliko wa Mama Ketsia bado upo.

Jumatatu, tarehe 19

Mji hauna unga. Yaani upo sokoni, kidogo, kwa bei ambayo mwuzaji mwenyewe anaona haya kuitamka. Wiki nzima hakuna aliyeloweka, sasa wote wameloweka leo, na harufu imepanda Baraka nzima. Wiki moja ya kungoja maji na jua vifanye kazi yake.

Kwetu mchi ulisikika tangu asubuhi. Kufikia saa nne bamama walikuwa wamepanga foleni uani, na mabakuli. Mama Ketsia akawapimia kila mmoja kwa kikombe chetu cha chai. Hakumwuliza mtu alikuwa akiamini nini Jumamosi. Unga una wekundu kidogo kwa mbali, wa rangi ya Mnyama, lakini hawakulalamika.

Cassilde hakuja. Mama Ketsia akaulizia. Wakamwambia mihogo yake yote aliyoing'oa imekuwa myeusi na kulainika, ameimwaga, na shamba lenyewe ni la kukodi, hana mingine ya kung'oa mpaka mvua zije. Uwanja mzima ukanitazama. Mama Ketsia hakunitazama. Alijaza gunia nusu, akalifunga, akaliweka miguuni kwangu. "Umupelekee. Ku kichwa."

Nikasema tutafute pikipiki. Akasema pikipiki amepewa Fabien.

Nimebeba. Njia kuu yote, mchana kweupe, unga ukinimwagikia mabegani. Mafundi cherehani wakasimamisha mashine. Mwuza ndagala yule aliniangalia nikipita, hakuniomba maombi. Nilisikia aibu, naandika wazi, aibu ya kweli, toka nyumbani mpaka mlangoni kwa Cassilde. Wanawe walikuwa wamekaa kwenye kizingiti wakila maembe mabichi na chumvi.

Nilitaka kumwambia samahani. Nilianza na 1948. Alinikatiza kwa kulishusha gunia kutoka kichwani kwangu. Akalifungua, akanusa unga, akashukuru. Kisha akasema kwa heshima zote: "Mwalimu, siku ingine ukipata tarehe, uniambie nikisha kulowesha."

Nimerudi nyumbani kwa njia ya nyuma. Sitagusa tena unabii. Nimeapa.

Alhamisi, tarehe 22

Jambo la ajabu, na wala sikulitafuta.

Leo Mama Ketsia alikung'uta turubai, akalitundika ukutani likauke. Nikapita karibu, nikaangalia tu kama mtu yeyote anavyoweza kuangalia ukuta wake mwenyewe. Maji ya mihogo yameacha doa. Doa limeanzia Kipindi cha Neema, limevuka mstari, limeingia kidole kimoja ndani ya Dhiki Kuu. Kidole kimoja! Nimepima kwa rula ya shule ya binti yetu Ketsia. Kwa kipimo cha turubai, kidole kimoja ni siku ishirini na nane.

Kwa hiyo sikukosea. Niliwahi tu. Jumamosi, tarehe 14 ya mwezi wa tisa, na safari hii hesabu haikutoka kwangu, imejileta. Nimekwenda kwa mwuza rangi, nyekundu iko. Fabien atakuwa Mboko, hawezi kuingilia. Nitaanza na Cassilde. Anastahili kuwa wa kwanza kujua.

Nimemwambia Mama Ketsia, kwa siri. Ameniuliza tu kama siku hiyo nitakula nyumbani. Nimemwambia mchana ndiyo, bila shaka. Kisha nikafikiri, nikamwambia aloweke pipa zima na aniwekee cha jioni pia, isije Yerusalemu ikachelewa tena.